Leida wa Kona ya Tinoor, Aliyemwimbia Kaka Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda hadi Tinoor leo, familia inawashukuru. Ninayesoma ni Novry Tangkuman, mtoto wa Hengki, ambaye ni mdogo wake marehemu. Nimeombwa niseme maisha ya shangazi yangu kama yalivyokuwa, bila kuyapamba. Yeye mwenyewe hakupenda kupambiwa kitu.

Adeleida Wilhelmina Tangkuman, ambaye wengi wenu mlimwita Oma Leida, yaani Bibi Leida, alizaliwa tarehe 8 Novemba 1950 hapa Tinoor, katika nyumba hii ya mbao iliyo juu ya kona kubwa ya barabara itokayo Manado kwenda Tomohon. Alikuwa mtoto wa pili wa Habel Tangkuman, fundi wa nyumba za mbao, na mkewe Yohana Wongkar, aliyewauzia wasafiri uji wa maboga na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, magari yaliposimama kupoza injini. Mtoto wa kwanza alikuwa Yosafat, ambaye hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Yopi. Wa mwisho ni baba yangu.

Marehemu alikuwa na miaka saba vita vilipofika milimani kwetu mwaka 1958. Familia ilikimbilia kwenye mashamba ya juu, ikalala chini ya miti kwa wiki kadhaa. Yopi, mwenye miaka kumi na mmoja, alimbeba Leida mgongoni. Leida alikuwa mtoto wa kulia ovyo, na kulia wakati ule kulikuwa hatari, kwa hiyo Yopi alitembea akimwimbia chini chini begani. Shangazi alituambia kwamba zilikuwa nyimbo za kanisani ambazo Yopi alikuwa amesahau maneno yake, akawa anaweka majina ya mboga. "Haleluya, mchicha," alikuwa akiimba, "haleluya, kabichi." Leida alicheka badala ya kulia, na mama yao akawapiga wote wawili kofi kwa sababu kucheka nako kulisikika.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hapa kijijini, akamaliza kwa kuchelewa mwaka 1964 kwa sababu ya vita. Akaingia sekondari Tomohon. Aliiacha mwaka 1967, baba yake alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka na kuvunjika nyonga. Leida alirudi kumsaidia mama yake jikoni na kwenye meza ya kuuzia chakula. Hakurudi shule tena.

Kufikia hapo Yopi alikuwa ameshaondoka. Alipanda meli ya kubeba mbata katika bandari ya Bitung, Machi 1966, akiwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ya kuondoka mama yake alimuuliza atarudi lini. Yopi alikuwa na mdomo wa utani. "Jumamosi moja, Mama," alisema. "Sijui tu ni ipi." Ulikuwa mzaha, lakini mama aliuchukua kama ahadi. Tangu hapo kila Jumamosi Oma Yohana alivaa gauni safi, akakaa kwenye dirisha linaloiangalia kona, na kila gari lililopunguza mwendo alilitazama mpaka mtu wa mwisho ashuke. Kadi moja ilikuja kutoka Tarakan. Baada ya hapo hakuna kilichokuja.

Marehemu alianza kuimba katika kwaya ya kanisa, na mwaka 1969 akaingia katika bendi ya vijana iliyopiga kwenye harusi kuanzia Tomohon hadi Kawangkoan. Mpiga gitaa wa bendi hiyo alikuwa mwalimu kijana, Frits Lumowa, mtu wa maneno machache na vidole virefu. Siku moja ya mwaka 1972 Leida alimkuta akijaribu muziki ambao haukuwa na maneno. Akamwambia, "Huo nipe mimi. Nina maneno yake tayari."

Maneno yale mnayajua ninyi wazee. Wimbo uliitwa "Kona ya Tinoor". Ulianza hivi: *Yopi, kona bado ipo, na Mama ameosha madirisha.* Na ubeti wa mwisho ulikwenda hivi: *Gari la mwisho limepita, Mama amefunga dirisha.* Hapo gitaa linaendelea peke yake kidogo, halafu basi. Hakuna kiitikio cha kumalizia.

Mwezi wa Julai 1973 bendi ilikwenda Surabaya kurekodi. Mwenye studio aliupenda wimbo, lakini aliuliza, "Huyu Yopi ni nani? Mchumba wako?"

"Ni kaka yangu," Leida alijibu.

"Basi usimwambie mtu. Watu wakisikia ni mchumba watanunua, wakisikia ni kaka watakupa pole. Na hili jina la Tinoor tulitoe. Nani anaijua Tinoor?"

"Yeye anaijua."

"Nani?"

"Yopi. Jina likitoka, na la kijiji likitoka, atajuaje kuwa anaitwa yeye? Mimi sikuja Surabaya kuimba tu, bwana. Nimekuja kumwita mtu."

Majina yakabaki. Hapo ndipo ulipo moyo wa maisha ya shangazi, na naomba mnielewe. Watu waliupokea wimbo ule kama wimbo wa mapenzi. Ulipigwa redioni, ukapigwa melini, kwenye vibanda vya kahawa vya Makassar na Balikpapan, kwenye sherehe za wavuna karafuu. Vijana waliochumbiana walitumiana maneno yake. Kwake yeye ulikuwa tangazo la mtu aliyepotea. Alipoalikwa kuimba mji wowote wenye bandari alikwenda, hata kama malipo yalikuwa chakula tu, na miji isiyo na bandari aliwaachia wengine. Frits alimwelewa, akamfuata na gitaa lake.

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 katika kanisa la hapa Tinoor. Ilikuwa Jumamosi. Wageni walimlazimisha bibi harusi aimbe, naye akaimba akiwa na shela lake kichwani. Baba yangu alisema watu walimtazama Leida, lakini yeye alimtazama mama yao, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Kila gari lilipopunguza mwendo kwenye kona, Oma Yohana aligeuza shingo. Aligeuza hata wakati wa viapo. Mchungaji alisubiri, akaendelea.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Silvana, aliyezaliwa mwaka 1978. Bendi ilivunjika mwaka uliofuata. Frits akaendelea kufundisha, na Leida akachukua meza ya mama yake pale barabarani. Wengi wenu mmekula uji wake. Oma Yohana alifariki tarehe 2 Juni 1984. Katika siku zake za mwisho alimuuliza binti yake, "Ule wimbo bado wanaupiga?" Shangazi akamjibu kwamba bado. Haikuwa kweli. Redio zilikuwa zimeshahamia kwenye nyimbo nyingine. Frits alimfuata mama mkwe wake mwaka 2004, kwa maradhi ya moyo.

Mwaka 2010 alikuja hapa msichana mwimbaji kutoka Jakarta, Wening Pradipta, pamoja na mtayarishaji wake wa muziki. Mimi nilikuwepo. Wening alivua viatu mlangoni, akambusu shangazi mkono, akala mabakuli mawili ya uji. Alisema marehemu bibi yake alikuwa na santuri ya "Kona ya Tinoor", na kwamba angependa kuuimba upya.

"Kwani uko wapi siku hizi, Oma?" mtayarishaji aliuliza. "Mbona ulinyamaza?"

"Sikunyamaza. Nauza uji. Ukiuza uji unapiga kelele mchana kutwa."

Wakacheka. Halafu yule bwana akaeleza kuwa vijana wa sasa hawapendi mwisho wa huzuni. Alitaka ubeti wa mwisho ubadilike, gari lisimame, mtu ashuke.

"Hakushuka," shangazi alisema.

"Ni wimbo tu, Oma."

Shangazi alikusanya mabakuli. Kisha akauliza kama wimbo huo mpya utafika mbali. Mtayarishaji akasema utafika kwenye kila simu, ndani na nje ya nchi, mpaka kwenye meli. Basi shangazi akasema, "Gari lisimamisheni kama mnataka. Msiliguse jina la Yopi. Mengine yote chukueni."

Yule bwana akasema atajitahidi.

Wimbo ulitoka mwezi Februari 2011, na ninyi vijana huo ndio mnaoujua. Ulianza hivi: *Mpenzi, njia bado ipo.* Yopi hayumo, wala Tinoor. Mwishoni gari linasimama, mtu anashuka, wanashikana mikono na vinanda vinapanda juu. Wening alipiga simu siku hiyo hiyo, akilia.

"Oma, niliimba jina. Nakuapia niliimba. Walilikata baadaye."

"Uliliimba vizuri?"

"Nililiimba vizuri, Oma."

"Haya, mwanangu. Usilie, utaharibu koo."

Akakata simu, akarudi kukoroga sufuria. Mama yangu alitaka kumfariji, akaambiwa akate mboga.

Wimbo ule ulikwenda kama moto. Ulipigwa madukani, kwenye mabasi, kwenye harusi zote za mkoa huu. Katika harusi moja pale Kakaskasen, wenyeji walimkumbuka marehemu wakampa kipaza sauti. Aliimba wa kwake. Alipofika mwisho, vijana wa meza ya mbele walimsahihisha kwa heshima kabisa. "Oma, hapo si *limepita*. Ni *limesimama*."

"La kwenu linasimama," aliwajibu. "La kwetu lilipita."

Walidhani anatania, wakampigia makofi.

Kwa sababu ya umaarufu huo, watu wa televisheni walikuja mwezi Agosti kumhoji mwimbaji wa kwanza. Walimkalisha kwenye dirisha la mama yake na kumuuliza kuhusu Frits, wakidhani yeye ndiye mpenzi wa kwenye wimbo. Shangazi akaitazama kamera, akasema jina kamili la kaka yake, mwaka aliozaliwa, meli aliyopanda, na kovu lake la kidevuni. Walirusha maneno yote. Baba yangu alisema hajawahi kumwona dada yake akiwa na furaha kama jioni ile. Alikuwa na miaka sitini na alitembea kama msichana.

Wiki chache baadaye mzee mmoja alishuka kwenye kona, akapanda ngazi polepole. Alijitambulisha kuwa Melki Takalamingan, mtu wa visiwa vya Sangir, baharia mstaafu. Alikuwa ameona televisheni. Shangazi alimkaribisha, akamwekea samaki wa moshi na wali, na hakumuuliza neno mpaka amalize kula. Baba na mimi tulikaa pembeni.

"Nilimjua Yopi," mzee Melki alisema. "Tulifanya kazi pamoja General Santos, upande wa Ufilipino, kwenye maboti ya jodari. Alikuwa na mke huko na watoto. Alikufa mwaka themanini na tisa. Ini."

Shangazi aliinamisha kichwa. Baba akaanza kulia. Nadhani kama mzee yule angeishia hapo, tungekuwa tumepata msiba wa kawaida tu, tukauzika. Lakini shangazi akamuuliza, "Wimbo ulimfikia?"

Mzee Melki alinitazama mimi, akamtazama baba.

"Sema tu," shangazi alimwambia. "Umekuja kwa meli na basi. Usirudi na neno moyoni."

"Ulimfikia, Dada. Mwaka sabini na saba hivi. Mwenzetu mmoja alileta kanda kutoka Tahuna. Ulipoanza tu, Yopi akaweka kisu chini. Akasema, huyo ni mdogo wangu Leida. Akaomba upigwe tena. Tuliupiga mpaka mwenye redio akagoma."

"Alilia?"

"Hapana. Alikuwa akitikisa kichwa hivi, kufuata gitaa."

"Halafu?"

"Mimi nikamwambia, Yopi, mama anakungoja, si unasikia? Kuna boti inavuka kesho kutwa. Akasema…" Mzee alisita. "Akasema, 'Nikirudi nitaanza kueleza. Nikikaa huku, naimbwa vizuri.' Ndivyo alivyosema. Akanunua ile kanda. Alikuwa akiipiga akinywa."

 Huko chini barabarani gari lilisimama kununua uji na dereva akapiga honi. Shangazi akasimama, akamwambia baba, "Hengki, kamhudumie yule," akamjazia mzee Melki chai. Alimshukuru kwa safari yake. Alimsindikiza mpaka chini, akamfungia samaki wa njiani. Aliporudi juu aliniambia maneno machache. "Kwa hiyo alisikia, Novry. Miaka saba Mama alikuwa hai, na yeye ameshasikia."

Nikamwambia labda mzee yule amekosea mtu. Akanijibu, "Hapana. Huyo ni Yopi. Hayo ni maneno yake."

Hakuimba tena. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo, akasimama na wengine, mdomo umefungwa. Wening alipomwalika kwenye jukwaa la Manado wakaimbe pamoja, hakwenda. Wimbo mpya ulipopigwa barabarani hakukasirika wala hakuziba masikio. Aliendelea kupakua. Silvana alitoka Balikpapan kumbembeleza akaishi naye, akakataa, na alipoulizwa kwa nini, alisema hajui. Zamani angekuwa na jibu la kuchekesha.

Tarehe 20 Februari 2018 alipatwa na kiharusi akiwa jikoni. Alilazwa Manado mwezi mzima. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakampotea yote. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema, kijana mpole, alitueleza kwamba mgonjwa asiyeweza kuongea wakati mwingine anaweza kuimba, kwa hiyo tumwimbie kitu anachokijua sana. Yeye mwenyewe akaanza, kwa kumfurahisha, wimbo wa Wening, kwa kuwa huo ndio alioujua. Silvana alimwashiria aache. Lakini shangazi alikuwa ameshainua macho. Kijana alipofika kwenye gari la mwisho, shangazi alifungua mdomo na sauti ikatoka, nyembamba lakini sawa kabisa: "Limepita."

Sote tulilia kwa furaha. Tulidhani maneno mengine yatafuata. Hayakufuata. Kwa miaka mitano na nusu neno hilo ndilo alilobaki nalo. Akitaka maji, "limepita." Akitaka kugeuzwa kitandani, "limepita." Mjukuu wake Kezia akimpigia simu ya picha kumsalimu, alitabasamu upande mmoja wa uso, akamwambia "limepita." Tulizoea kumwelewa kwa macho. Wakati mwingine alijua kuwa sicho alichotaka kusema, akajaribu tena, likatoka lile lile, akapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Baadaye aliacha hata kupiga godoro.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 12 Septemba 2023, mchana, akiwa na Silvana na mama yangu. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Hakusema neno.

Ameacha binti mmoja, Silvana Lumowa, mkwe wake Ronal, na mjukuu mmoja, Kezia. Ameacha mdogo wake, Hengki, ambaye leo ameshindwa kusimama, na sisi watoto wa Hengki watatu. Huko General Santos ameacha watoto wa kaka yake. Tuliwatafuta tukawapata wawili. Tuliwapigia simu wiki hii. Waliuliza Leida ni nani.

Familia ina jambo moja la mwisho la kuwaambia. Mwezi mmoja kabla ya kiharusi, marehemu alikuwa akimenya maboga nami, nikamuuliza kwa mzaha siku yake ikifika tumwimbie upi, wa zamani au wa sasa. Hakuacha kumenya. "Msiniimbie," alisema. Nikamwambia kwetu Waminahasa mtu hazikwi bila wimbo, watu watatusema. Akasema, "Wacha waseme. Yule aliimbwa akaona inatosha. Mimi nizikeni tu."

Kwa hiyo kwaya, tunawashukuru kwa kuja na sare zenu, na tunawaomba mkae. Mchungaji ataomba. Baada ya hapo wanaume watabeba jeneza, na tutashuka naye kimya mpaka makaburini. Mungu amlaze pema shangazi yetu Leida, na ampe utulivu ambao hapa hakuupata.